Kizuri Hakijiuzi

Katika mithali zote walizoturithisha wazee, sidhani kama ipo iliyomtia hasara mchuuzi mdogo kuliko ile isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni mithali tamu masikioni. Humsifu mtu mtaratibu, humsuta mwenye makelele, na aliyeitaja barazani huenda zake ametosheka kana kwamba amekwisha jibu kila swali. Lakini mithali si sheria ya maumbile. Ni neno lililonenwa kwa jambo moja katika siku moja, kisha likachukuliwa na watu wengi kwa mambo mengi katika siku zote. Katika insha hii nakusudia kuipinga, nami nitaipinga kwa niaba ya mama wa Likoni apikaye mahamri alfajiri, fundi wa Kisauni ashonaye nguo, na kijana wa Changamwe atengenezaye baiskeli na simu.

Kwanza na tuulize: kitu chawezaje kujiuza? Hamri haina ulimi. Kanzu haina miguu. Baiskeli iliyotengenezwa vyema haitoki karakanani ikaenda kubisha hodi katika nyumba za watu na kusema, "Nitazameni." Kila kitu kizuri tukijuacho, twakijua kwa sababu mtu fulani alitwambia, au alituonyesha, au alitupa tukaonja. Hata ibada, ambayo ni njema kuliko biashara zote, ina mwito wake: msikiti una adhana, na kanisa lina kengele. Na matatu, je? Gari lina njia yake, na abiria aijua njia hiyo tangu utotoni; hata hivyo utingo haachi kuita. Angenyamaza kwa kutegemea kwamba kizuri chajiuza, gari lake lingeondoka tupu, na la nyuma yake lingejaa.

Yamkini mithali hii ilikuwa kweli katika kijiji cha nyumba arobaini. Mle kila mtu alimjua mwashi, mhunzi na msusi wa mikeka. Habari ya kazi njema ilifika nyumba ya mwisho kabla ya jua kutua. Lakini bara ya Mombasa leo si kijiji hicho. Hesabu ya watu iliyofanywa mwaka 2019 ilipata wakazi 1,208,333 katika kaunti nzima ya Mombasa. Kisauni ilikuwa na watu 291,930, Likoni 250,358, na Changamwe 131,882. Jumlisha, msomaji, nawe utapata 674,170, yaani zaidi ya nusu ya kaunti nzima. Mvita, ambayo ndiyo kisiwa chenyewe, ilikuwa na watu 154,171 tu. Katika umati wa namna hii jirani hamjui jirani. Mtu aweza kukaa Mlaleo miaka mitano asijue kwamba nyumba ya tatu kutoka kwake yuko fundi ambaye mshono wake haufumuki.

Matokeo yake twayaona kila siku. Asubuhi watu hujaa feri ya Likoni, hupita daraja la Nyali, huvuka Makupa, wakielekea kisiwani. Wengi waenda kazini, na hilo si la kulaumiwa. Lakini wengi pia waenda kununua huko kitu ambacho kinatengenezwa uani kwa jirani zao, tena pengine kwa ustadi zaidi na kwa bei nafuu. Hulipa nauli ya kwenda, hulipa nauli ya kurudi, na huleta nyumbani kitu walichokiacha nyumbani. Kwa nini? Kwa sababu kisiwa kina sauti, na bara imenyamaza. Soko liko mlangoni pa mchuuzi wa bara, lakini mlango umefungwa, na aliyeufunga ni mwenyewe.

Neno hili si la kupuuzwa, kwani ndani yake mna chakula cha watu. Uchunguzi wa serikali kuhusu biashara ndogo, uliotolewa mwaka 2016, ulikadiria kwamba Kenya ilikuwa na biashara ndogo na za wastani zipatazo milioni 7.4, na kwamba biashara zipatazo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika muda wa miaka mitano. Tafakari idadi hiyo. Kila biashara iliyofungwa ilikuwa na mtu aliyeweka akiba yake, na nyuma ya mtu huyo walikuwako watoto waliongoja karo na madaftari. Msomaji atasema kwamba nyingi zilikufa kwa kukosa fedha, wala hazikufa kwa kukosa matangazo. Nami namjibu kwa swali: fedha za duka hutoka wapi? Mkopo ni fedha ya kuanzia. Fedha ya kuendelea hutoka mfukoni mwa mteja. Sikatai kwamba kodi ni nzito, wala kwamba bei za unga na mafuta hupanda. Nasema tu kwamba mtu asiyejulikana hawezi kustahimili hata mwezi mmoja wa taabu hizo, ilhali mwenye wateja huweza kustahimili mwaka.

Wako watakaosema kwamba kujitangaza ni mambo ya kigeni, na kwamba Mswahili ni mtu wa haya. Hao hawaijui pwani yao. Tazama muuza kahawa. Hubeba dele lake lenye makaa chini, na mkononi hushika vikombe vidogo ambavyo huvigonganisha kwa mdundo ujulikanao na kila mwenyeji. Hapigi kelele, hamsumbui mtu, halipi senti moja ya tangazo, lakini aliye ndani ya nyumba hujua kwamba kahawa imepita. Kumbuka pia mbiu, pembe iliyopigwa ili watu wakusanyike; wazee walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Wazee waliosema hivyo walijua kabisa kwamba jambo lisilo na mbiu hupita bila watu. Je, hao hawakuwa na haya?

Mfano mkubwa kuliko yote ni leso. Nguo hii, ambayo jina lake limetokana na neno la Kireno la kitambaa, ilipata Mombasa jambo ambalo wafanyabiashara wa nchi kubwa walikuja kuligundua baadaye. Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana na wateja wake kwa jina la Abdulla, alitia katika leso zake alama ya K.H.E. pamoja na maneno "Mali ya Abdulla." Ni yeye hasa anayetajwa wakati watu wanapoeleza jinsi leso zilivyoanza kuandikwa maneno mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi. Angalia busara yake. Mwanamke alinunua leso kwa uzuri wa rangi na kwa ukali wa neno. Akaivaa harusini, akaivaa sokoni, akamtupia mafumbo jirani yake. Aliyefumbwa naye akataka leso ya kujibu. Kila aliyesoma neno la leso aliliona na jina la Abdulla. Hivyo mteja alinunua bidhaa, akaivaa, na bila ya kuombwa wala kulipwa akawa mbiu ya muuzaji katika kila mtaa alioingia.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1984 Mmarekani mmoja, Jay Conrad Levinson, alitoa kitabu kilichowafundisha wenye maduka madogo kutangaza biashara kwa akili na bidii badala ya fedha nyingi, na akalipa fundisho lake jina lililotokana na vita vya msituni. Mwaka 1996 Sabeer Bhatia na Jack Smith walianzisha Hotmail, huduma ya barua za intaneti. Mwishoni mwa kila barua iliyotumwa na mteja waliweka mstari mdogo wa kumkaribisha mpokeaji naye ajipatie anwani bila malipo. Kila barua ikazaa wateja, na kila mteja akaandika barua. Huduma hiyo ilipata mamilioni ya watu kwa muda mfupi, na kabla ya mwaka 1997 kwisha ilikuwa imekwisha nunuliwa na kampuni ya Microsoft. Ulimwengu ulistaajabu. Lakini mtu wa Mombasa hana haja ya kustaajabu sana: mstari ule mdogo chini ya barua ni ndugu wa maneno yale madogo katika pindo la leso.

Hata hivyo naomba msomaji asinielewe visivyo. Nimepigana na mnyamavu. Sasa yanipasa kupigana na mpiga kelele, kwani huyu naye ni adui wa biashara ndogo, tena adui mwenye tabasamu. Huyu amesikia kwamba habari husambaa kama moto wa nyika katika simu za watu, basi amefanya kusambaa kuwa ndiyo biashara yenyewe. Hutafuta kioja. Hutangaza kwamba bidhaa zimebaki tano, kumbe ghala limejaa. Huweka katika WhatsApp picha ya keki iliyookwa nchi nyingine na mtu mwingine, na mteja akiletewa yake haitambui. Hulipa watu wamsifu kwa wema wasiouonja. Akiulizwa, hujibu kwamba lisemwalo lipo. La hasha! Lisemwalo aghalabu halipo, na muda si muda watu watajua kwamba halipo.

Jina lenyewe la fundisho hili la kigeni laweza kutupotosha. Vita vya msituni ni vita vya kuvizia, na avizaye huvizia adui. Je, mteja ni adui? Wazee wetu walisema biashara haigombi. Mteja wa Magongo au wa Mtongwe si mtu wa kunaswa mara moja na kuachwa. Ni mtu ambaye utakutana naye msibani, harusini, na katika foleni ya feri. Ukimdanganya leo, kesho utakuwa naye katika tuktuk moja, magoti kwa magoti. Mji mkubwa wa mbali waweza kumficha mwongo kwa miaka. Mtaa wetu hauwezi kumficha hata wiki, na njia ya mwongo ni fupi.

Tena kioja kina hatari yake. Tarehe 31 Januari, mwaka 2007, katika mji wa Boston huko Marekani, polisi walifunga barabara na madaraja kwa kuhofia mabomu. Hayakuwa mabomu. Vilikuwa vibao vya taa vilivyowekwa kwa siri mahali pa watu wengi ili kutangaza mchezo wa katuni wa televisheni. Waliohusika walilipa dola milioni 2 kwa ajili ya fadhaa hiyo. Kampuni kubwa iliweza kulipa. Mwenye kibanda angelipa kwa nini? Na sisi wa pwani tuna sababu kubwa zaidi ya kuogopa fadhaa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama, na watu 272 wakapoteza maisha yao. Watu waliobanana juu ya maji si mahali pa mizaha. Kijana yeyote atakayefikiri kuwashtua abiria wa feri, kwa moshi au kwa kilio cha uongo, ili apate picha ya kusambaza, na akumbuke idadi hiyo kwanza.

Wala kusambaa peke yake si ushahidi wa wema. Miradi ya piramidi iliyowafilisi Wakenya wengi na kuporomoka mwaka 2007 ilisambazwa kwa njia hii hii tunayoisifu: jirani kwa jirani, ndugu kwa ndugu, muumini kwa muumini mwenziwe. Kila aliyeingia aliambiwa alete wengine. Walioanza walilipwa kwa fedha za waliofuata, na waliofuata hawakulipwa na mtu. Ulimi ulioieneza habari ulikuwa wa kuaminika. Habari yenyewe ndiyo iliyokuwa sumu. Kwa hiyo mchuuzi asijiulize tu, "Neno langu litaenea vipi?" Ajiulize kwanza, "Likienea, je, nitafurahi lirudipo kwangu?"

Sasa nataka kuonyesha kwa hesabu nyepesi kwamba mchuuzi mdogo hana haja ya moto wa nyika. Tuseme mama mmoja wa Likoni ana wateja 100, na kila wateja kumi humletea wateja wapya wanane kwa maneno yao. Wale 100 wataleta 80. Wale 80 wataleta 64. Wale 64 wataleta kama 51. Na hivyo hivyo idadi itapungua hatua kwa hatua mpaka iishe. Lakini ukijumlisha wote, utakuta wanakaribia 500. Habari yake haikusambaa nchi nzima, wala hakuna gazeti lililomtaja, lakini wateja wake wamekuwa mara tano ya wale wa kwanza. Kama kila kumi wangeleta watano tu, bado jumla ingekaribia 200. Tofauti ya 200 na 500 haikuletwa na fedha. Imeletwa na wateja watatu zaidi, katika kila kumi, waliopata sababu ya kumtaja.

Fikiri pia upande wa pili. Ikiwa mama huyo hupika mahamri 200 kila siku, na kwa ajili ya kioja fulani wakamjia watu 2,000 asubuhi moja, nini kitatokea? Mbaazi zitakwisha saa moja. Watu wasiopungua 1,800 wataondoka na njaa, na kila mmoja wao ataondoka na neno baya mdomoni. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Aliyetafuta sifa ya siku moja hupata lawama ya mwaka. Heri mvua ndogo inyeshayo kila siku kuliko gharika ipitayo mara moja na kuchukua udongo.

Liko jambo jingine ambalo siwezi kulinyamazia. Pita barabara ya Magongo hadi Chaani, kisha uende Kisauni hadi Mshomoroni, uvuke na Likoni hadi Mtongwe, ukitazama kuta za maduka. Utaona kuta zilizopakwa rangi za makampuni makubwa: ya simu, ya vinywaji, ya sabuni, ya saruji. Jina la kampuni limeandikwa kwa herufi zenye urefu wa mtu. Jina la mwenye duka, kama lipo, limeandikwa pembeni kwa herufi za urefu wa kidole. Mwenye duka hufurahi kwamba amepakiwa rangi bure. Bure! Ukuta utazamwao na maelfu ya wapita njia una thamani, na kampuni yajua thamani hiyo, ndiyo maana ikaleta rangi. Mwenye duka amekuwa mlinzi asiyelipwa wa tangazo la tajiri. Yule anayesema kwamba hana fedha za kujitangaza ametoa tangazo kubwa kuliko yote aliyonayo kama sadaka, tena kwa mtu asiyehitaji sadaka. Simwambii akatae rangi. Namwambia adai bei, au adai kwamba jina lake litangulie juu, kwa herufi zilizo sawa.

Sheria nazo zampasa mchuuzi kuzijua, kwa maana sheria si za matajiri pekee. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na habari za kumwezesha kuzitumia kwa manufaa. Tena imeliagiza Bunge kutunga sheria ili matangazo yawe ya haki, ya kweli na ya adabu. Sheria ya kumlinda mnunuzi ilitungwa mwaka 2012. Katiba hiyohiyo imezikabidhi serikali za kaunti usimamizi wa matangazo ya nje na wa kelele zinazoudhi watu. Basi anayeweka kibao barabarani sharti aulize ada yake, na anayefunga kipaza sauti juu ya mkokoteni akumbuke kwamba sikio la jirani si ukuta wake. Na iko Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mteja akulipapo kwa simu hukuachia namba yake kwa ajili ya malipo. Hakukupa ruhusa ya kumtumia matangazo usiku na mchana. Anayezikusanya namba hizo na kuzitumia bila idhini amechukua kisicho chake, hata kama hakutia mkono mfukoni mwa mtu.

Nimekwisha bomoa vya kutosha. Haki yadai kwamba nijenge pia. Mchuuzi mdogo afanye nini, naye hana fedha? Kwanza, awe na jina, na jina hilo liandikwe kwa herufi safi, kwa tahajia sahihi, mahali linapoonekana na mtu apitaye kwa miguu na mtu aliye ndani ya tuktuk. Biashara isiyo na jina haiwezi kutajwa, na isiyoweza kutajwa haiwezi kuenea.

Pili, ampe mteja neno moja la kweli la kuchukua nyumbani. Mteja hawezi kubeba maneno kumi. Abebe moja: kwamba fundi huyu hutimiza siku aliyoahidi, kwamba mahamri haya yana iliki ya kutosha, kwamba kijana huyu huonyesha kifaa cha zamani alichokitoa katika simu kabla ya kudai malipo ya kifaa kipya. Neno moja la kweli hupita mdomo hata mdomo bila kuharibika, kama vile neno la leso lilivyopita.

Tatu, aonjeshe. Muuza achari na mabuyu hujua siri hii: kipande kimoja kilichotolewa bure huuza pakiti nzima. Nne, ashirikiane na wenziwe. Muuza leso na vitambaa amtaje fundi, na fundi amtaje muuza vitambaa. Atengenezaye baiskeli amtaje auzaye mipira ya magurudumu. Wachuuzi wa bara wamezoea kuoneana wivu, ilhali mteja wa mmoja aweza kuwa mteja wa wote. Tano, aujue mkondo wa watu. Umati wa asubuhi uendao feri una haraka, nao hununua kile kilichokwisha fungwa tayari. Umati wa jioni urudio una nafasi ya kusimama, kuuliza na kuchagua. Anayepiga mbiu moja kwa umati wote wawili amepoteza nusu ya pumzi yake.

Sita, simu aliyonayo aitumie kwa ukweli. Apige picha ya kazi yake mwenyewe, aandike bei, aandike mahali, na awaombe idhini wale anaotaka kuwatumia. Bei iliyofichwa humfanya mteja adhani kwamba inategemea sura yake. Saba, na hili ndilo linalosahauliwa zaidi, amwulize kila mteja mpya, "Nani aliyekuleta?" na jibu aliandike katika daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na tangazo nalo ni hivyo hivyo. Mwisho wa mwezi atajua kama wateja waliletwa na kibao, na picha, na jirani, au na harufu ya mahamri. Kilicholeta watu akizidishe. Ambacho hakikuleta mtu akiache, hata kama kilimpa sifa.

Atatokea mtu na kusema, "Haya yote ni kujisifu, na kujisifu ni aibu." Ni kweli kwamba kujitapa ni aibu, lakini kujitapa na kujitangaza ni vitu viwili. Anayejitapa husema lisilokuwapo, au hulikuza lililopo mpaka lisitambulikane. Anayejitangaza husema lililopo, mahali lilipo, na bei yake, kisha hunyamaza ili kazi iseme iliyobaki. Aibu gani iko katika kumwambia mwenye njaa kwamba chakula kiko hapa? Mimi naona aibu kubwa zaidi iko kwa yule mwenye ujuzi ambaye alinyamaza kwa kiburi akakiita haya, mpaka kibanda chake kikafungwa na watoto wake wakarudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Ninyi mnaosoma insha hii shuleni mna sehemu yenu katika jambo hili, wala haingoji mmalize masomo. Wengi wenu mnalipiwa karo na kibanda. Mna elimu ya kuandika ambayo huenda mwenye kibanda hakuipata. Basi mwandikieni kibao kisicho na kosa la tahajia. Mfanyieni hesabu ya wateja wanaoleta wateja. Mtungieni neno moja la kweli, na mkatae kumtungia la uongo hata akiwaomba. Na siku mtakapokuwa na biashara zenu wenyewe, huko Kisauni, Likoni au Changamwe, msiketi mlangoni mkingoja mithali iwaletee mnunuzi. Kizuri hakijiuzi: kizuri kitangazwe, na kibaya kitengenezwe kwanza.